Kanuni za unyanyasaji wa kingono chuoni: kumalizana, wachunguzi au kikao?

Dawati la jinsia, yaani sehemu ya chuo ya kupokea malalamiko ya unyanyasaji wa kingono, ni rahisi kulianzisha. Unatafuta chumba, unaweka meza na bango, unabandika namba ya simu ubaoni pale pale wanapobandika matokeo ya kozi weki. Kazi yenyewe inaanza siku binti wa mwaka wa pili anapoingia humo saa nne asubuhi na kutaja jina la mtu. Hapo inabidi pawe na karatasi inayoeleza nani anasikiliza, nani anaambiwa, nani anaamua, na yule aliyetajwa atajitetea wapi na lini.

Nimeuandika ulinganisho huu kwa ajili ya watakaokaa mezani kuiandaa karatasi hiyo: mshauri wa wanafunzi, mwanasheria wa chuo, mwakilishi wa serikali ya wanafunzi, na pengine mchungaji au padri, maana vyuo kadhaa vya huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania ni vya makanisa. Njia za kuchagua ni nne: kumalizana kifamilia, mkubwa mmoja kuamua, wachunguzi, au kikao cha kusikiliza. Nitazipima kwa mifano miwili ya kubuni, kwa sababu kanuni ikijadiliwa bila mtu ndani yake kila mmoja huitikia "ndiyo" halafu ikaja kugoma siku ya kazi.

Mfano wa kwanza uko Mbeya. Wanafunzi wawili wa mwaka wa pili walikuwa kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mwenzao, kwenye geto la kupanga Iyunga. Binti anasema alikwenda kujilaza chumbani, kijana akamfuata na kumshikashika kwa nguvu. Kijana anasema walikuwa wameelewana. Chumbani hakukuwa na mtu wa tatu. Sebuleni walikuwepo watu, na zipo meseji za WhatsApp za kabla na baada.

Mfano wa pili uko Iringa. Binti wa mwaka wa mwisho ripoti yake ya utafiti haisainiwi, kila wiki inarudi na marekebisho mapya. Msimamizi wake, mhadhiri wa siku nyingi, anamwambia waonane jioni lodge moja ya Ipogolo "wamalizie kazi". Akikataa, anajua kinachofuata: sapu, yaani mtihani wa marudio, au kurudia mwaka.

Niseme mapema ninakoelekea: mifano hii miwili haifai kupita mlango mmoja, na kanuni nyingi huharibika kwa kulazimisha ipite.

Kabla ya kuchagua njia: ondoeni msaada kwenye hukumu

Mvutano mkubwa kwenye vikao vya kuandika kanuni hizi huwa ni huu: upande mmoja unasema mwathirika aaminiwe, mwingine unasema mtu asihukumiwe bila kusikilizwa. Wakiendelea hivyo watakesha. Ukiorodhesha mambo ambayo mlalamikaji anayahitaji wiki ya kwanza, utakuta karibu yote hayahitaji mtu yeyote kuonekana na hatia.

Kama amebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vina dirisha la saa 120, navyo nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Fomu ya polisi namba 3, ile PF3, inahitajika ili daktari aandike alichokiona kwa matumizi ya mahakama, lakini matibabu ya dharura hayapaswi kukwama kwa kuisubiri. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako daktari, polisi na ustawi wa jamii wanapatikana sehemu moja ili mtu asirudie kisa chake kwenye kila dirisha. Chuo kinachosema "leta barua ya malalamiko kwanza, kamati inakaa Alhamisi" kimeshapoteza saa 72 hizo bila kumtendea haki mtu yeyote, hata mtuhumiwa.

Baada ya hospitali yanafuata mambo ya kawaida ya chuo: kubadilishiwa kundi la semina, kuhamishwa hosteli, kusogezewa mtihani wa mwisho wa muhula bila kuandikiwa sapu, kupewa msimamizi mwingine wa utafiti, karatasi kusahihishwa na mtahini wa pili. Hata amri ya kutowasiliana inaweza kuandikwa kwa pande zote mbili, na haimtangazi yeyote kuwa mkosaji. Wekeni haya kwenye sura yake ndani ya kanuni, yatolewe na dawati siku mtu anapofika, kwa saini ya mshauri wa wanafunzi. Kanuni isiseme tu "ataruhusiwa kuahirisha mwaka". Kuahirisha mwaka kunagusa bumu, ile fedha ya mkopo ya kujikimu, kunagusa kodi ya chumba, kunagusa na maelezo ya kwenda kuwapa wazazi Tukuyu au Makete.

Msaada ukishawekwa pembeni hivyo, kinachobaki kwa kamati ni swali moja: adhabu. Na adhabu haitolewi kabla ya kusikiliza. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba haiihusu mahakama peke yake. Inasema haki na wajibu wa mtu vinapohitaji uamuzi wa mahakama "au chombo kinginecho kinachohusika", mtu huyo atapewa fursa ya kusikilizwa kwa ukamilifu, na haki ya kukata rufani. Kamati ya nidhamu ya chuo ni chombo kinginecho.

Njia nne kwa jicho la haraka

| | Kumalizana | Mkubwa mmoja kuamua | Wachunguzi | Kikao cha kusikiliza |
|---|---|---|---|---|
| Kasi | Siku chache | Siku chache | Wiki kadhaa | Wiki kadhaa, hata muhula |
| Faragha | Ndogo, ndugu wote wanajua | Kubwa mno | Nzuri | Ya wastani |
| Mlalamikiwa kujitetea | Hategemei ushahidi, anategemea ukoo | Kwa hisani ya mkubwa | Kwa maandishi | Ana kwa ana na kamati |
| Mzigo kwa mlalamikaji | Kushinikizwa asamehe | Hajui kilichoamuliwa | Anaeleza mara moja au mbili | Anaulizwa maswali mbele ya kamati |
| Uamuzi kusimama ukipingwa | Hapana | Mara chache | Ndiyo, ikiandikwa vizuri | Ndiyo |

Kumalizana

Huku kwetu njia hii ina mvuto wake. Wazee wa pande mbili wanakaa, mjomba anaongea kwa upole, faini inatajwa, watu wanapeana mikono. Kwa kijana aliyevunja dirisha la mwenye nyumba, ni njia nzuri kuliko polisi.

Kwa kubaka haipo kabisa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998, adhabu ya kubaka kwa mtu mzima kwa kawaida haishuki chini ya miaka 30 jela. Kosa la uzito huo ni la Jamhuri, na hakuna mzazi, mlezi wala mkuu wa chuo mwenye mamlaka ya kulisamehe kwa niaba yake. Kwenye mfano wa mhadhiri pia haifai, kwa sababu anayeitwa "kupatana" bado anamsubiri mwenzake asaini ripoti. Hapo mmoja anaomba, mwingine anaruhusu.

Inabaki sehemu ndogo: utani wa kingono darasani, kumpigia mtu simu usiku baada ya kukataliwa, picha chafu kwenye grupu la kozi. Hapo mlalamikaji mwenyewe akitaka, wote wakiwa wanafunzi, na akibaki na haki ya kubadili mawazo kabla ya kusaini, chuo kinaweza kusimamia makubaliano ya maandishi. Ombi litoke kwake. Dawati lisimwulize "huwezi kusamehe?", maana swali hilo likitoka kwa mtu mzima mwenye msalaba ukutani si swali tena.

Mkubwa mmoja kuamua

Mshauri wa wanafunzi au mkuu wa chuo anamwita kijana ofisini, anamfokea, anamwambia afungashe. Au anamwita binti, anampa pole, anamwambia asitoke usiku. Ni haraka, ni kimya. Akikosea, hakuna karatasi ya kuonyesha alikosea wapi, na aliyefukuzwa akienda Mahakama Kuu kuomba uamuzi utenguliwe, chuo hakitakuwa na kumbukumbu ya kikao wala ya hati ya tuhuma. Mara nyingi hapo chuo hushindwa bila mahakama hata kugusa kama tukio lilitokea au la. Sina la kuongeza juu ya njia hii.

Wachunguzi

Hapa kuna mambo ya kujadili. Chuo kinateua watu wawili waliofundishwa, mwanamke na mwanaume. Wanamhoji mlalamikaji peke yake, mlalamikiwa peke yake, mashahidi wa sebuleni mmoja mmoja, na wanachukua meseji. Wanaandika taarifa. Pande zote mbili zinaisoma na kuijibu kwa maandishi. Halafu kamati nyingine, ambayo haikuchunguza, inaamua.

Kwa mfano wa Iyunga njia hii ina faida kubwa mbili. Binti anaeleza kisa chake kwenye chumba tulivu, si mbele ya watu saba. Na taarifa inayotoka inaweza kupimwa: muda wa meseji, nani aliondoka saa ngapi na bodaboda, nani alimwona akilia, kauli zipi zinalingana na zipi zinapishana.

Udhaifu wake ni kwamba mchunguzi anashika kila kitu. Yeye ndiye anayechagua shahidi wa kuita, neno la kuandika na la kuacha. Kijana akisema "muulizeni Fulani, alikuwa mlangoni" na mchunguzi akaona haina haja, imeishia hapo. Kwa hiyo kama mnachagua njia hii, andikeni vifungu vitatu ambavyo havikatwi hata kwa kubana muda. Mlalamikiwa apewe tuhuma kwa maandishi zikiwa na tarehe, mahali na kitendo, maana "utovu wa maadili" peke yake hakujibiki. Kila upande uruhusiwe kutaja mashahidi na maswali, na mchunguzi akikataa swali aandike sababu. Na aliyechunguza asipige kura.

Kingine ni watu. Chuo cha wanafunzi elfu mbili kina wahadhiri wanaosali kanisa moja, wanaokopeshana kwenye vikoba na kubatiziana watoto. Unampata wapi mchunguzi asiyemjua mtuhumiwa? Jibu lipo mtaani. Iringa mjini pana Chuo Kikuu cha Iringa, Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa na Chuo Kikuu cha Kikatoliki Ruaha, vyote umbali wa daladala. Mbeya pana Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST), Teofilo Kisanji, kampasi ya Mzumbe, chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na vinginevyo. Vyuo vinaweza kukubaliana kwa maandishi kubadilishana wachunguzi na wajumbe: shauri la hapa lichunguzwe na mtu wa pale. Gharama ni nauli na posho ya chakula. Sioni sababu ya kila chuo kujifungia na watu wake.

Kikao cha kusikiliza

Kikao kina wajumbe watatu au watano, pande zote zinaeleza, zinaulizwa, uamuzi unatolewa na sababu zake. Ubishi ni juu ya jambo moja: nani anamuuliza mlalamikaji maswali magumu?

Wamarekani wamelivuta jambo hili huku na huko kwa miaka, na mivutano yao inafaa kutazamwa kabla ya kurudia. Sheria yao ya 1972, inayoitwa Title IX, inakataza ubaguzi wa kijinsia kwenye elimu inayopata fedha za serikali kuu. Mwaka 2011 wizara yao ya elimu iliviandikia vyuo barua ikitaka kipimo kiwe mizani ya uwezekano, yaani lipi lina uwezekano zaidi wa kuwa kweli. Vyuo vingi vikatumia mchunguzi mmoja, na vijana waliofukuzwa wakaanza kwenda mahakamani wakisema hawakusikilizwa. Barua ikafutwa 2017. Kanuni za 2020 zikaja na sharti jipya: vyuo vikuu vifanye kikao cha moja kwa moja, na kila upande uwe na mshauri wa kumhoji mwenzake. Mwanafunzi mwenyewe hakuruhusiwa kumhoji aliyemlalamikia, na wangeweza kukaa vyumba tofauti wakionana kwa video. Wanaharakati wakalalamika kwamba wasichana wataogopa kuja. Kanuni za 2024 zikalegeza sharti hilo, halafu Januari 2025 mahakama moja ya Kentucky ikazifuta, zikarudi zile za 2020.

Ninachokiona mimi kwenye safari hiyo ni kwamba pande zote mbili, wa watuhumiwa na wa walalamikaji, zilikuwa na hoja. Maswali yanasaidia kuijua kweli, hasa pale ushahidi ni kauli dhidi ya kauli. Na maswali yakiachiwa mtu mwenye nia ya kumvunja mwenzake, kikao kinakuwa adhabu ya pili. Mahakama zetu zimejifunza kubeba yote mawili. Mahakama ya Rufani imeshasema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa la kujamiiana hutoka kwa mwathirika mwenyewe, na sheria inaruhusu hukumu kwa ushahidi wake peke yake ikiwa mahakama inaridhika anasema kweli. Mahakama hiyo hiyo, ilipokaa Iringa 2019, ikaongeza kwamba neno la mwathirika halikukusudiwa kupokelewa kama Injili. Lazima lipite kwenye kipimo cha ukweli. Tena mashauri hayo husikilizwa faragha, na majina hayachapishwi magazetini. Kama mahakama inaweza kumlinda na kumuuliza kwa wakati mmoja, kamati ya chuo haina udhuru.

Namna ya kufanya ni hii: maswali yote yapite kwa mwenyekiti. Kila upande unayaandika, mwenyekiti anayasoma, anaacha yanayohusu historia ya mapenzi ya mtu au nguo alizovaa, anauliza yanayohusu tukio. Wawili wanakaa vyumba tofauti, na simu yenye spika inatosha kama video inakwama. Kila mmoja anaingia na mtu wa kumsindikiza. Mashauri mazito yakiwepo, mlalamikiwa pia atafutiwe msaada wa kisheria. Iringa kuna vyuo vinavyofundisha sheria, na tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, kwa hiyo "hana wakili" lisiwe jibu.

Kwa kipimo cha ushahidi, mimi ningechagua mizani ya uwezekano. Kile cha jinai, bila kuacha shaka yoyote ya msingi, kinafaa kabla ya kumfunga mtu miaka 30, na chuo hakifungi. Lakini kumfukuza mtu mwaka wa tatu ni jambo zito. Kwa adhabu hiyo ningetaka kura za wajumbe wote, na sababu zilizoandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo anaweza kuzifuata.

Mhadhiri ana mlango wake

Turudi kwa binti wa Ipogolo. Kosa la msimamizi wake lina jina kisheria. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 kinamhusu mwenye mamlaka anayedai ngono kama sharti la kumpa mtu haki yake, ajira, cheo au upendeleo. Adhabu ni faini isiyozidi shilingi milioni 5, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote. Anayechunguza ni TAKUKURU, taasisi ya serikali ya kuzuia na kupambana na rushwa, na namba yao ya bure ni 113.

TAKUKURU ina vitu ambavyo chuo hakina: wapelelezi wake hawamwogopi mkuu wa idara, na wana uzoefu wa kumpata mtu akiwa na ushahidi mkononi badala ya kubaki na kauli dhidi ya kauli. Tangu 2015 ipo pia sheria ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Ila TAKUKURU haimpi binti msimamizi mpya wala haisaini ripoti yake. Hilo ni la chuo, na lifanyike siku ile ile, kwa kisingizio chochote cha kiutawala kisichomtaja aliyelalamika. Idara hubadilisha wasimamizi kila mara, hakuna atakayeshangaa.

Kisha liko jambo ambalo kamati nyingi hulikuta limeshachelewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inazuia mwajiri kumwadhibu au kumwachisha kazi mtumishi aliyekwisha kushtakiwa mahakamani kwa kosa ambalo kimsingi ni lile lile, mpaka shauri na rufani viishe. Maana yake kwa chuo binafsi: mhadhiri akishafikishwa mahakamani, nidhamu ya ndani inasimama. Chuo kinaweza kumsimamisha kwa muda akilipwa mshahara wake, basi. Kwa hiyo nidhamu ya ndani na taarifa ya TAKUKURU zipangwe pamoja tangu mwanzo, bila kumharakisha yeyote aruke hatua. Kanuni za utendaji bora za 2007 zinamtaka mwajiri ampe mtumishi si chini ya saa 48 za kujiandaa, na zinamruhusu awe na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Mkimfukuza bila hayo, anayo siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na atashinda kwa utaratibu hata kama kila mtu kantini anajua alichokifanya. Watumishi wa vyuo vya umma wana taratibu zao za utumishi wa umma na Tume yake, nazo mwanasheria wa chuo azitazame kabla barua haijatoka.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaoona haki ya mtuhumiwa kama zawadi kwa mkosaji. Mhadhiri anayerudishwa kazini na fidia juu, kwa sababu kamati ilikaa bila kumpa barua, anarudi akiwa na nguvu kuliko alivyoondoka.

Vifungu vidogo vinavyoamua kama watu watakuja

Binti wa Iyunga alikuwa amekunywa bia mbili, na alikuwa geto la wavulana usiku. Kwenye vyuo vyenye kanuni kali za maadili hayo yenyewe ni makosa. Akijua kwamba kulalamika ni kujishtaki, hatakuja, na mashahidi wa sebuleni hawatakuja pia. Andikeni wazi kwamba mlalamikaji na mashahidi hawataadhibiwa kwa pombe, kuchelewa kurudi hosteli au kuwa mahali pasiporuhusiwa, mambo hayo yakijulikana kwa sababu ya shauri hili. Najua kifungu hiki kitapingwa na wazee wa bodi. Kipiganieni kuliko vingine vyote.

Malalamiko yasiyothibitika siyo malalamiko ya uongo. Kamati ikisema ushahidi hautoshi, imesema hivyo tu. Mlalamikaji aadhibiwe pale tu inapothibitika, kwa shauri lake lenyewe, kwamba alitunga kwa makusudi.

Kumsimamisha masomo mwanafunzi aliyetuhumiwa kabla ya uamuzi kuwe kwa hatari inayoonekana, kama vitisho au kumfuatilia mlalamikaji, na kupitiwe upya ndani ya siku chache. Mtihani mmoja alioukosa kijana asiye na hatia haurudishwi kwa kumwomba radhi.

Kwa tafsiri ya sheria yetu, kosa la kubaka limeandikwa likimtaja mwanamke au msichana kama mwathirika. Kanuni za chuo zisifungwe na hilo. Wavulana nao hufanyiwa, na wengi wao huona dawati lenye bango la waridi haliwahusu.

Wanafunzi wa cheti walioingia chuo baada ya kidato cha nne wanaweza kuwa na miaka 16 au 17. Chini ya miaka 18 ridhaa haina maana kisheria na mtu huyo ni mtoto, kwa hiyo shauri linaenda polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, hata kama mwenyewe anasema anampenda.

Na siri. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika, na taarifa za namna hii ni nyeti. Faili lisipite kwa katibu muhtasi watatu. Kwa upande mwingine, kamati isimfunge mdomo mlalamikaji asizungumze hata na mama yake au daktari. Kumtaja mtu mtandaoni ni jambo jingine: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaweza kumgeukia aliyeandika, na dawati limweleze hivyo bila kumtisha.

Ningechagua nini

Kwa mwanafunzi dhidi ya mwanafunzi, pale palipo na mguso au nguvu: wachunguzi wawili, mmoja akitoka chuo jirani, kisha kikao kifupi chenye maswali kupitia mwenyekiti. Njia ya tatu na ya nne zikiunganishwa zinaongeza kama wiki mbili, nami naona zinastahili. Kwa maneno na meseji: wachunguzi peke yao, au makubaliano ikiwa mlalamikaji ndiye aliyeyaomba. Kwa mhadhiri au mtumishi yeyote: TAKUKURU au polisi kulingana na kosa, nidhamu ya ajira ikipangwa nao, na kumalizana kusiguswe.

Chuo kidogo kisicho na fedha za kuwafundisha wachunguzi kianze na sura ya msaada na kifungu cha kutoadhibu pombe, kisha kiombe jirani amkopeshe mtu. Hayo hayahitaji bajeti mpya.

Halafu malizieni na kifungu cha mpito, kwa kuwa Marekani wanafunzi walianza mashauri chini ya kanuni moja wakayamaliza chini ya nyingine, na kila upande ukadai umeonewa. Tendo lipimwe kwa kanuni zilizokuwepo siku lilipotendeka. Utaratibu uwe ule uliokuwepo siku malalamiko yalipopokelewa, isipokuwa pande zote mbili zikubali mpya kwa maandishi. Mashauri yaliyolala kwenye kabati la mshauri wa wanafunzi yapewe tarehe ndani ya muhula mmoja, na walioyaleta waulizwe kwanza kama bado wanataka yaendelee.